Land Cruiser orijino na iliyorefushwa: ipi inapita njia mbaya?

Hapa Arusha gari la safari hupita gereji kwanza ndipo lione mbuga. Chasisi inakatwa, kipande kinaongezwa katikati, paa linafanywa la kunyanyuka, springi nene zinafungwa, bampa la chuma linawekwa mbele na keria juu. Mwenye gari akilitazama lilivyosimama, anaamini limekuwa na uwezo kuliko lilivyotoka kiwandani. Sehemu nyingine ni kweli. Kwenye tumbo, yaani chini ya chasisi kati ya tairi za mbele na za nyuma, si kweli, na tumbo ndilo linalokwamisha.

Gari likivuka tuta kali au ukingo wa korongo, kinachoamua ni pembe ya tumbo: umbali kati ya ekseli mbili ukilinganisha na nafasi iliyo chini ya chasisi. HZJ78, moja ya aina za Land Cruiser, ikiwa orijino ina mm 2,980 kati ya ekseli. Tuseme tumbo liko mm 300 kutoka ardhini. Pembe inakuja kama nyuzi 23. Refusha kwa mm 700, pembe inashuka hadi nyuzi 18 na nusu. Sasa funga springi za kuinua mm 50: unapata nyuzi 21 na nusu. Umelipia springi, shokapu na ufundi, na bado hujarudi pale gari lilipokuwa kabla ya kukatwa. Tuta ambalo orijino inalivuka, refu litalikalia, chasisi imebeba uzito wote na tairi zinazunguka bila kushika.

Sisemi kurefusha ni kosa. Wageni saba wanataka dirisha kila mmoja, na gari refu hutulia vizuri kwenye barabara ya mabati. Ila dereva wake achague njia tofauti na ile anayopita mwenzake wa orijino.

Kuna jambo la pili ambalo watu hubishana nalo mpaka wapime. Lala chini na futi, pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi mbili. Inua gari kwa springi, pima tena: namba ni ileile. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na tairi; springi inainua bodi tu. Kinachoinua difu ni tairi. Kutoka tairi ya saizi 265/75R16, yenye kipenyo cha kama mm 804, kwenda 285/75R16 yenye kama mm 834, difu inapanda mm 15, nusu ya tofauti. Ndiyo faida yote hiyo. Gharama yake ni kwamba spidomita ikisoma 80 unakwenda 83, na kila gia inakuwa nzito kwa karibu asilimia 4. Injini ya 1HZ ya lita 4.2 haina tabo ya kusukumia hewa ndani. Ikipanda ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na nguvu imeshapungua. Hapo asilimia 4 inasikika.

Springi zikishafungwa, kagua mpira wa breki kwenye ekseli usivutike tairi linaponing'inia. Jointi za propela, chuma kinachopeleka nguvu kwenye ekseli, zikikaa kwenye pembe kali gari hutetemeka na jointi hufa mapema. Mbele, kwenye springi za koili, ekseli hujizungusha kidogo na usukani huanza kutangatanga barabarani. Dawa ni bushi za kurekebisha pembe. Na kama gari lina vali ya breki inayosoma mzigo nyuma, irekebishwe, la sivyo itadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma wakati limejaa watu.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye loki ya difu ya nyuma, kifaa kinachofunga tairi mbili zizunguke pamoja. Difu ya kawaida hailipi tairi lenye mshiko nguvu kubwa kuliko inayopokewa na lile linaloteleza. Tairi moja likiwa hewani, la pili halina nguvu, hata springi ziwe za bei gani. Orijino yenye loki huipita iliyoinuliwa isiyo na loki. Loki ya mbele, kama ipo, iwashwe ukiwa umenyoosha usukani tu.

Halafu upepo, ambao hauhitaji fundi. Kwenye mchanga na majivu ya volkano kuelekea Engare Sero, shusha hadi PSI 18 au 20. Tairi linarefuka chini na kuelea. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Masika, kwenye udongo mweusi wa Ndutu, kushusha kunasaidia kidogo tu, maana meno ya tairi yakishajaa tope linakuwa laini kama ndizi. Huko meno yaliyoachana, ya tairi la tope, ndiyo yanayojisafisha. Beba kompresa, kwa sababu kurudi lami na PSI 18 kunachoma tairi.

Mwisho, bomba la kupumulia la difu. Difu ya moto ikiingia maji baridi ya mto, hewa ndani hujikunja na kufyonza maji kupitia oili sili. Refusha mpira wa bomba hilo hadi juu ya injini, ili difu ivute hewa badala ya maji. Baada ya kuvuka maji marefu, fungua nati ya kujazia: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote siku hiyohiyo, kabla beringi hazijaanza kuchimbika.