The Ventures hawakuzimwa na Beatles

Wengi hudhani The Ventures ni bendi ya vijana wa fukwe za California, iliyozimika Beatles walipovuma Marekani mwaka 1964. Si kweli. Bendi ilianzia Tacoma, jimbo la Washington, mwaka 1958, na waasisi wake, Don Wilson na Bob Bogle, walikuwa mafundi ujenzi. Kibao chao cha magitaa matupu, bila kuimba, “Walk, Don't Run”, kilivuma mwaka 1960, kabla muziki wa mawimbi (surf, mtindo wa magitaa wa fukwe za California) haujashika kasi.

Baada ya 1964? Japani iliwapokea kwa kishindo, vijana wakakimbilia magitaa ya umeme. Muziki usio na maneno hauhitaji mkalimani. Hata hivyo (hili ndilo linalonifurahisha zaidi) Wajapani walitunga mashairi ya kuimbwa kwa tuni za The Ventures. Wimbo “Kyoto no Koi”, ulioimbwa na Yuko Nagisa mwaka 1970, ukatamba.