Hospitali Ipo Palepale, Kilichoondoka ni Mkataba

Mzee mmoja wa Wete, Pemba, alikaa mbele ya dawati langu, tunapowashauri wazee kuhusu bima ya afya, akaufungua mkoba wake wa ukili na kutoa vilivyomo kimoja kimoja: kadi ya bima, kadi mbili za kliniki ya presha, bahasha ya dawa iliyobakia vidonge sita, na risiti iliyokunjwa mara nne. Risiti ilikuwa ya fedha taslimu. Siku mbili nyuma alikwenda hospitali binafsi aliyoizoea, kijana wa mapokezi akaipitisha kadi kwenye mashine, akaipitisha tena, kisha akamwambia: "Mzee wangu, kadi hii kwetu haipiti."

"Haipiti vipi, mwanangu? Mwezi uliopita si imepita?"

Kijana hakuwa na la kusema. Mzee akalipa kwa mkono, na alipofika kwetu alikuwa ameshakata shauri mambo mawili: bima hii haitaki tena, na hospitali ile haikanyagi tena. Nilimwomba asubiri kwanza, kwa sababu alikuwa karibu kupoteza vyote viwili bila haja.

Wazee wengi wanadhani kadi ikiwa hai basi kila mlango utafunguka. Sivyo. Kadi ni makubaliano kati yako na mfuko wa bima. Hospitali nayo ina makubaliano yake na mfuko huohuo, yenye tarehe ya kwisha na bei za kila huduma, na wewe mwenye kadi hukuwapo yalipotiwa saini. Wakishindwana bei, kadi yako inabaki hai lakini dirisha linafungwa. Tanzania Bara waliliona hili tarehe 1 Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake. Watu walifika asubuhi na kadi ambazo hazina kasoro yoyote, wakarudishwa.

Kwetu Zanzibar kuna jambo jingine linalochanganya. Afya si jambo la Muungano: Bara na Zanzibar kila upande una mipango yake. Mstaafu wa Posta anaweza kuwa na kadi ya NHIF, mtumishi wa SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, yumo kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023, na mwengine analipiwa bima ya kampuni na mtoto wake aliyeko Dar es Salaam. Juu ya baraza moja pale Chake Chake waweza kukuta kadi za aina tatu, na mwenye moja akisema "hospitali fulani hawapokei tena bima", wote watatu wanaingiwa na wasiwasi. Habari ya jirani haikuhusu mpaka ujue kadi yake ni ya nani.

Basi ukisikia hospitali yako imetoka kwenye orodha, uliza kwanza mfuko wako, na uliza kwa undani. Mkataba umekwisha kabisa au wako kwenye mazungumzo? Unakwisha lini? Na je, ni huduma zote au baadhi? Swali hili la tatu watu hawaliulizi, na ndilo lenye faida kubwa. Huenda kilichotolewa ni dawa au vipimo tu, na kumuona daktari kunaendelea. Huenda tawi la mjini ndilo lililotoka na la shamba limebaki. Omba jibu kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, na uandike jina la aliyekujibu na tarehe. Kisha nenda hospitali yenyewe, dirisha la bima, ukaulize hayohayo. Mlinzi wa getini usimuulize. Atakujibu kwa uhakika mkubwa jambo asilolijua.

Na kabla hujahama, jiulize unachokitaka hasa ni jengo au ni daktari. Madaktari wetu si wengi, na anayekaa hospitali binafsi jioni mara nyingi asubuhi yuko hospitali ya Serikali: Chake Chake, Wete, Abdalla Mzee ya Mkoani, au kwa walioko Unguja, Mnazi Mmoja na Lumumba. Muulize mwenyewe, bila haya. Wagonjwa kadhaa tumewasaidia kubaki na daktari wao kwa swali hilo tu.

Kwa mkaazi wa Pemba, orodha mpya ya hospitali isomwe na bahari kichwani. Karatasi inaweza kusema zipo hospitali kumi zinazopokea kadi yako, na saba kati yake ziko Unguja. Mzee wa miaka 74 mwenye sukari, kila mwezi apande boti, alipiwe nauli na wa kumsindikiza, atafutiwe pa kulala Mjini: hapo bima imelipa kipimo, na familia imelipa kila kitu kingine. Mimi hospitali ya namna hiyo siihesabu kuwa ni mbadala, na nashauri muandike hivyo kwenye malalamiko yenu kwa mfuko. Wastaafu kumi wa shehia moja wakiandika barua moja, wenye majina na namba za kadi, inasomwa tofauti na simu ya mtu mmoja aliyekasirika.

Aliye katikati ya tiba asingoje. Anayesafishwa figo, anayetibiwa saratani, aliyefanyiwa upasuaji na bado anarudi kuangaliwa, aombe mfuko kwa barua aendelezewe tiba palepale hadi amalize au ahamishwe kwa utaratibu. Daktari anayemtibu aandike kwa nini kumkatiza kuna hatari. Si kila mfuko utakubali, lakini ombi lililofika kabla ya tarehe ya mwisho lina nguvu kuliko lililokuja baada ya deni. Vilevile achukue muhtasari wa faili lake: maradhi, vipimo vya karibuni, majina ya dawa na kiasi anachomeza. "Kile kidonge cheupe cha presha" hakimsaidii daktari mpya.

Kubadilisha bima kwa hasira ndiko kunakoumiza zaidi. Bima nyingi za kampuni zina ukomo wa umri wa kujiunga, zina muda wa kungoja, na maradhi uliyokuja nayo yanaweza kuwekwa kando. Mwenye miaka 70 akitoka leo, mlango wa kurudi huenda usimpokee.

Wapo pia wanaotuuliza habari za wazazi wao walioko Marekani. Huko bima ya Serikali ya wazee, Medicare, huanza kwa wengi mtu akifika miaka 65. Aliye kwenye Medicare ya asili hutibiwa hospitali yoyote inayoipokea. Aliyejiunga na mpango wa kampuni, uitwao Medicare Advantage, kwa kawaida hufungwa na orodha ya mpango huo. Kila mwaka kubadilisha ni kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba, na aliyemo tayari kwenye Advantage hupata nafasi nyingine moja kati ya 1 Januari na 31 Machi. Mtego ni huu: akirudi Medicare ya asili ili aifuate hospitali yake, atataka bima ya nyongeza, Medigap, na ile miezi 6 ya mwanzo tangu aanze Medicare ikishapita, majimbo mengi huruhusu kampuni imuulize maradhi yake na kumkataa. Basi mtoto ampigie simu mzazi mwezi wa Septemba, asingoje Disemba.

Yule mzee wa Wete tulimpigia simu mfuko wake mbele yake. Mkataba ulikuwa umekwisha, mazungumzo yanaendelea, na fedha za risiti yake hazikuweza kurejeshwa kwa sababu alilipa bila kuomba idhini. Hilo lilimuuma. Lakini daktari wake wa presha alikuwa yupo hospitali ya Serikali Jumatatu na Alkhamisi. Mzee akarudisha vitu mkobani, bahasha ya dawa akaiweka juu, akauliza kama asubuhi kuna foleni.

Nikamwambia ipo, awahi saa moja.