Huruma Peke Yake Si Ruhusa

Malalamiko kuhusu watafiti wanaobisha hodi majumbani yameongezeka, mengi yakitoka Mji wa Kale na Likoni, hapa Mombasa. Kamati yetu ya maadili ya utafiti imeniomba niandike machache. Haya ni ya elimu tu. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili, wala hayatoi uamuzi juu ya lalamiko lolote lililo mbele yetu.

Nianze na moja lililokwisha kushughulikiwa. Mwanafunzi wa falsafa alikwenda kwa bi mmoja, mtu mzima, ambaye mwanawe alitoka kwenda kuvua asirudi. Mwanafunzi alikuwa na hojaji, kinasa sauti na moyo mwema. Swali la tatu halijaisha, machozi yakamtoka. Mwenye msiba ndiye aliyeinuka, akamletea maji, akamshika bega: "Nyamaza mwanangu, nyamaza." Kinasa sauti kikaendelea kurekodi mwenye nyumba akimliwaza mgeni. Katika ripoti, mwanafunzi akaandika kwamba mama amezama katika majonzi na kwamba yeye amemwelewa "kutoka moyoni". Bi aliposomewa, alikasirika. Kilichomkaa rohoni, alituambia, ni tajiri wa chombo, yaani mwenye chombo alichovulia mwanawe, ambaye mpaka leo hajaja kuhani msiba. Hilo ndilo alilotaka kulisema, na hakuulizwa.

Je, mtu anaweza kuuhisi uchungu wa mwenzake? Mjadala huu si mgeni kwetu wa falsafa. Mwaka 1873 Mjerumani Robert Vischer alitumia neno Einfühlung kueleza jinsi mtazamaji anavyojitia ndani ya kitu anachokitazama. Theodor Lipps akalitumia kwa watu pia, si vitu tu: ukimtazama mwanasarakasi juu ya kamba, alisema, mnakuwa kitu kimoja. Edith Stein, katika tasnifu yake iliyochapishwa 1917, akakataa. Kwa Stein, niko pamoja na mwanasarakasi, lakini anayetembea juu ya kamba ni yeye. Uchungu wa mwenzangu naufikia kama uchungu wake, na hauwi wangu. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na bado wanafunzi wananiletea mapendekezo ya utafiti yenye neno "huruma" kila ukurasa.

Huruma yetu ina mteremko. Tunamhurumia yatima, mgonjwa, aliyeishiwa. Anayehurumia yuko juu. Huku pwani tuna pia "imani", kama mtu anapoomba "nifanyie imani", na hiyo nayo ni hisani ya mwenye uwezo. Badala ya "huruma", mimi huwaambia wanafunzi waandike: kuingia katika hali ya mwenzako huku ukijua kuwa ni yake. Ni ndefu, najua.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Mwanasaikolojia Paul Bloom, katika kitabu chake cha 2016, anaifananisha hisia hii na mwanga wa kurunzi: humulika mmoja na kuwaacha wengi gizani, na mara nyingi huyo mmoja ni anayefanana nasi. Nadhani ametia chumvi, lakini ukikaa kwenye kamati utaona ukweli wake: wahojiwa "wanaogusa" hurudiwa mara tatu, jirani yao mkali hafikiwi kamwe. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana aliliona hilo mapema. Kwake msingi wa maadili ni kujali pamoja na kutopendelea, vyote viwili, na aliuona kuwa wa binadamu wote, kila utamaduni ukiwa na desturi zake.

Hapa sina budi kuwajibu wanaosema falsafa ni ya Wazungu. Mombasa! Mwaka 2007 mtafiti Kai Kresse alichapisha kitabu kizima juu ya kufalsafisha katika mji huu, na mmoja wa aliowasikiliza ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi aliyetunga utenzi juu ya mtu na utu. Kazi ile ilitokana na kukaa na watu na kufuata hoja zao.

Sasa utaratibu. Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, humruhusu mtafiti kufanya utafiti. Haimlazimishi mtu yeyote kufungua mlango. Kibali cha kamati ya maadili ni karatasi nyingine. Omba kuziona zote mbili, na utazame tarehe za mwisho. Fomu ya ridhaa ya kwetu hutolewa nakala mbili, moja inabaki kwako. Asiyesoma husomewa mbele ya shahidi asiyekuwa wa upande wa mtafiti, kisha hutia dole gumba, na shahidi hutia sahihi. Kurekodi sauti kuna kisanduku chake peke yake. Kuweka sahihi hakukufungi: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 unaweza kuondoa ridhaa wakati wowote, na mkusanyaji wa data ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia. Sheria inaulegezea utafiti masharti kadhaa, lakini matokeo yasichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Lalamiko kwa Kamishna wa Data linapaswa kumalizika ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5. Kosa lisilotajiwa adhabu yake ni faini isiyozidi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote.

Kuna uvumi kwamba anayehojiwa hulipwa. Hapana, kamati haitoi posho. Wala hatuna orodha ya "familia zinazosaidiwa". Sijui nani alianzisha uvumi huo, lakini tafadhali ukome.

Ukija kulalamika, njoo na nakala yako ya fomu. Kama hukupewa, hilo lenyewe ni lalamiko. Tuambie tu siku na saa mtafiti alipokuja.

Yule bi amekubali kuhojiwa tena, safari hii bila kinasa sauti, na ametaka maneno yake juu ya tajiri wa chombo yaandikwe mwanzo. Masharti yakibadilika, fomu ya zamani haifai tena. Mwanafunzi alinung'unika kwamba ni urasimu. Ni urasimu, ndiyo. Amepewa fomu mpya, nakala mbili.