Kabla hamjaomba bembea mpya, ulizeni bolti ya ile ya zamani

Assalaam alaykum jamani. Mie kazi yangu ni mipango ya miji, na suali ninaloulizwa kuliko yote, msikitini, harusini, hata kwenye daladala, ni hili: "Nyie watu wa mipango, mbona mtaani kwetu hamtuwekei bustani?" Leo nalijibu hapa kwa kirefu maana nikilijibu mlangoni watu huondoka nusu.

Kwanza niseme kitu ambacho wengi hawakipendi. Pesa za serikali za viwanja na bustani ni chache na zitaendelea kuwa chache, zinagombaniwa na maji, skuli, taka na barabara, kwa hivyo suali si kama tunataka bustani, nani asiyeitaka, suali ni ile milioni iliyopo iende wapi mwanzo. Na mimi kwa maoni yangu iende kwenye ardhi. Si bembea wala tailizi, ardhi. Ile sehemu ya wazi ambayo watoto wanacheza chandimu kila Alasiri na kila mtu anajua ni ya mtaa lakini hakuna karatasi inayosema hivo. Kuipima, kuweka mawe ya mipaka na kuiandikisha ni gharama ndogo ukilinganisha na kuja kununua nyumba za watu baadae ili upate uwazi. Sensa ya 2022 imetuhesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773 na ile ya 2012 tulikuwa 1,303,569, sasa piga hesabu mwenyewe hao wote wamejenga wapi. Wamejenga kwenye mikarafuu, kwenye mabonde, na kwenye viwanja vya mpira.

Pemba ndio kabisa. Kule ni milima na mabonde, pahala pa sawasawa pakipatikana ni bonde la mpunga, na huwezi kumwambia mtu aache kulima ili vijana wacheze. Kwa hivyo kiwanja cha sawa kilichopo Wete au Mkoani kikiliwa, chengine hupati.

Shirika la Umoja wa Mataifa la makaazi, UN-Habitat, linashauri mji uache asilimia 15 hadi 20 ya ardhi yake kwa maeneo ya wazi ya umma, ukiacha barabara. Tembea mitaa ya Magharibi, hapa Unguja, uangalie kama utaiona hata robo ya hiyo. Na tena maeneo ya wazi si ya kuchezea tu, masika ikipiga yale maji yanahitaji pa kwenda, ukiziba kila kipande kwa zege yanaingia chumbani kwako.

La pili, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu, ni matunzo. Kuna kiwanja kimoja cha watoto nilikwenda kukikagua jioni moja, sitakitaja. Bembea tatu, mbili zimefungwa kwa kamba ya nailoni zisitumike, ya tatu imening'inia upande mmoja kwa sababu bolti moja imekatika. Bolti moja tu! Fundi wa pale jirani kaniambia anaweza kuitia kwa pesa ya chai, lakini kila akiuliza nani wa kumlipa anaambiwa kasma, yaani fungu la pesa la kazi hiyo, haipo. Siku ya ufunguzi walikuja wakubwa, utepe ukakatwa, ila hakuna aliyeandika kwenye bajeti nani atanunua bolti. Mimi siku hizi nikiletewa mradi wa bustani, tuseme wa milioni 40, naanza kusoma nyuma, naangalia kama kuna kama milioni 4 za kila mwaka za maji, taa, mlinzi na matengenezo, kama hazipo naurudisha, waseme mimi mkorofi.

Angalieni Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe. Ile imetengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan wa utamaduni ikafunguliwa 2009, imependeza kweli, lakini pale kila usiku wanapita maelfu ya miguu, kuna mishkaki, miwa, urojo, watalii, bila ya watu wa kufagia na kumwagilia kila siku isingefika mwezi. Bustani si jengo, ni kama bustani ya mboga ya bibi yangu, ukiiacha wiki mbili hukuti mchicha, unakuta majani.

La tatu nalisema kwa ufupi, ni nani asiyekuja. Wapangaji wengi wanahesabu waliopo, mimi nawaambia kaeni hapo muangalie wasiokuwepo. Kiwanja kimejaa vijana wa mpira, sawa, lakini mama mwenye mtoto mchanga yuko wapi, wasichana wako wapi, yule mzee wa kiti cha magurudumu? Mara nyingi jawabu ni choo, kivuli na taa. Choo safi chenye mlango unaofungika na mwembe mmoja vinaleta watu wengi zaidi kuliko chemchemu ya maji yenye rangi, na bei yake ni ndogo kabisa.

Sasa mnaombaje? Watu wengi wanakuja na barua mwezi wa Mei, wakati bajeti za wizara zinakaribia kusomwa Baraza la Wawakilishi, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hivyo ndugu yangu umechelewa, namba zimeshakaa. Anzeni mwisho wa mwaka wa kalenda, pale manispaa na mabaraza ya miji yanapoandaa makisio ya bajeti. Pitieni kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa shehia yenu, kisha diwani, na musiende mikono mitupu. Chukueni daftari, mukae kiwanjani siku tatu, Ijumaa moja, siku ya kazi moja na Jumapili moja, mwandike saa ngapi wanakuja nani, nini kimevunjika, maji yanatuama wapi. Karatasi moja ya namna hiyo huwa inaangaliwa kabla ya barua tano za "tunaomba mtufikirie".

Na kabla ya hayo yote muulizeni sheha kitu kimoja tu: mpaka wa kiwanja chetu unaishia wapi? Akijikuna kichwa basi mwende naye siku hiyo hiyo mkauangalie, maana mie nishawahi kukuta tofali zimeshapangwa.