Kufikika si kufikishwa

Mara ya tatu mwezi huu naambiwa: "Ukumbi unafikika, ni hatua chache tu toka stendi." Safari hii tulikuwa tunatafutia pahali kikundi cha waliopata kiharusi na walezi wao. Ukumbi wenyewe uko ghorofani, lifti hakuna.

Pahali panapofikika ni pale ambapo anayehusika anafika, anaingia, anakaa, anakwenda msalani na kurudi kwake bila kubebwa. Basi. Kinachonikera ni kitenzi.

Fika ukilitia -ik- unapata fikika, kama soma lilivyozaa someka na pita likazaa pitika. Kauli hiyo inatoa habari za kitu chenyewe. Barabara isipopitika hatumlaumu dereva, na mwandiko usiposomeka hatumpeleki msomaji akapimwe macho. Vivyo hivyo ukumbi usiofikika: kasoro iko kwenye ngazi, haiko kwenye mguu wa bibi. Fikishwa ni jingine kabisa, lina mtu nyuma yake. Mzigo ndio hufikishwa.

Wajumbe wa kikundi wakalimaliza suala la ngazi hivi: "Asiyeweza kupanda, vijana watambeba." Nimeshamwona mmoja akibebwa, mama mtu mzima, kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kinapinda miguu, mkono wake mmoja mzima umeng'ang'ania khanga isipande. Wiki iliyofuata hakuja. Na hapo tulikuwa tumeandika "mahali salama".

Tena Kiswahili kina pa, ku na mu, sijui kwa nini tunasahau. Ukaribu wa stendi unajibu ku tu: huko kunafikika. Mle ndani je, mnaingilika? Choo ni cha kuchuchumaa, na aliyepooza upande mmoja atachuchumaaje? Mjumbe mwingine alijitolea kuleta ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Kipimo kinachotumika ni sentimita 12 za urefu wa ubao kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo ngazi 3 tu za sentimita 15 zinadai mita 5 na sentimita 40. Ubao wake haukufika hata mita 2.

Katibu wetu ni mtu mwema, simsemi vibaya. Ila tangazo la Jumamosi, ndugu yangu, hilo "unafikika" lifute. Andika: ngazi kumi na nane, lifti hakuna, choo cha kuchuchumaa.