Ushauri mfupi kuhusu pombe kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) ni nini?

Ushauri mfupi ni mazungumzo ya dakika 5 hadi 30 ambamo muuguzi au mkunga anamuuliza mjamzito kuhusu pombe, anasikiliza, kisha wanakubaliana la kufanya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unataka kila mjamzito aulizwe mapema, na tena kila anapokuja kliniki.

Madhara yenyewe wahudumu wengi wameshayasikia: pombe inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ubongo wake unajengwa miezi yote tisa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kinachohitaji mafunzo hasa ni namna ya kuuliza.

Chukua kituo cha afya cha Bukavu siku ya CPN. Akina mama wamejipanga kwenye mzani, na muuguzi anauliza mbele ya wote, “Mama, wewe hunywi pombe, sivyo?” Hapo atajibiwa nini zaidi ya “hapana”? Kwenye mafunzo wahudumu wanaigiza: mmoja mjamzito, mwingine muuguzi, mlango umefungwa. Swali linaanzia nyuma kidogo: “Kabla hujajua una mimba, ulizoea kunywa nini?” Kinywaji kitajwe: bia, kasiksi (pombe ya ndizi), kanyanga (pombe kali ya kienyeji). Kuna anayehesabu bia ya chupa tu, kasiksi ya nyumbani haitii hesabuni.

Kisha kipimo. Dodoso nyingi zinahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za alkoholi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye alkoholi asilimia 5, ina gramu 28 hivi, yaani karibu vinywaji vitatu. Anayesema “nakunywa moja tu” huenda hadanganyi hata kidogo. Kasiksi haina nguvu moja kila mahali, kwa hiyo ni heri kuuliza chombo, kilijazwa mara ngapi, na wangapi walikinywea.

Aliyekunywa kabla ya kujua ana mimba asikaripiwe (karipio moja linatosha kumfanya asirudi CPN). Aambiwe kwamba kuacha sasa kunamsaidia mtoto, hata kama mimba imekua, na mume aombwe asimnunulie. Lakini mama anayetetemeka asubuhi mpaka apate pombe, ushauri mfupi haumtoshi. Huyo asiambiwe aache ghafla akiwa nyumbani, maana anaweza kupata degedege. Apewe rufaa ya hospitali, aachishwe chini ya uangalizi.