Saa Mbili ni Saa Ngapi? Data ya Utafiti Huharibika Mapema

Wanafunzi wa uzamili ninaowafundisha utunzaji wa data ya utafiti hukutana kwanza na swali hili: mdadisi ameandika kwamba mama wa kaya alikwenda kuchota maji saa 2, je, ilikuwa saa ngapi? Wengi hujibu kuwa ni asubuhi, na kwa mazoea yetu hawajakosea. Tatizo ni kwamba katika timu moja yupo aliyefuata hesabu ya Kiswahili akajaza 2, na yupo aliyefuata saa ya kishikwambi akajaza 8, na miezi sita baadaye hakuna programu ya takwimu inayoweza kujua nani alikusudia nini.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilikuwa na safu niliyoiita "mavuno", yenye namba tupu. Kaya iliyovuna 3, ilivuna madebe au magunia? Debe la lita 20 ni kipimo cha ujazo, kwa hiyo uzito wake hutegemea kilichomo, na gunia likifungwa lumbesa hesabu huvurugika zaidi. Nilirudi kwenye madodoso ya karatasi, moja baada ya jingine, kutafuta neno ambalo lingetosha kuandikwa mara moja katika kamusi ya data.

Kamusi hiyo ni jedwali fupi linaloeleza kila safu: jina lake, maana yake, kipimo, namba zinazokubalika, na alama ya jibu lililokosekana. Alama hii isidharauliwe, kwani nimeona 99 iliyomaanisha "hakujibu" ikiingizwa katika wastani wa umri. Kamusi iandikwe dodoso linapotungwa, si usiku wa kuwasilisha tasnifu.

Faili ghafi lisiguswe. Usafishaji ufanyike kwenye nakala, kwa hati ya amri, yaani faili la maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza kwa mpangilio, inayoweza kurudiwa. Tarehe ziandikwe kwa mtindo wa 2024-03-05, yaani mwaka, mwezi, siku, maana programu za majedwali hujiamulia mambo: Excel ilikuwa ikigeuza jeni iitwayo MARCH1 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ilipotangaza majina mapya, na hiyo ikawa MARCHF1. Kuhusu nakala rudufu, ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine; flashi peke yake si hifadhi.

Suala la faragha lina ugumu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inatubana hata sisi watafiti, na kufuta jina la mhojiwa hakutoshi iwapo safu za kijiji, umri na kazi zinamwonyesha mkunga pekee wa mahali hapo.

Zoezi langu la mwisho ni la saa moja. Kila mwanafunzi humpa mwenzake faili lake kisha hunyamaza, na mwenzake huandika kila swali linalomjia. Mwenye faili huondoka na karatasi hiyo ya maswali, na wiki inayofuata huniletea kamusi inayoyajibu yote.